Mwanangu, lile doa si la mafuta ya mahamri

Mwanangu,

Assalamu alaikum. Sisi huku Langoni, Lamu, hatujambo. Kifua cha babako kimepungua, na punda wa jirani bado anamtangulia muadhini kila alfajiri.

Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza mara tatu. Umeuliza: siku yako ya kutolewa nje kama bibi harusi, ukikaa mbele ya watu uso mtupu bila mekapu, kama yule mwigizaji Pamela Anderson alivyokwenda kwenye maonyesho ya mitindo kule Paris mwaka 2023, je, mimi nitaona haya?

Haya sina. Lakini swali lako limenichokonoa mahali pengine, na nisipoliandika leo sitaliandika tena.

Unalijua doa la shavu langu la kushoto. Mlipokuwa wadogo mliliita kisiwa, na nduguyo akashikilia kwamba ni Manda. Nikawaambia mafuta ya mahamri yaliniruka. Hayakuniruka, mwanangu. Niliwaongopea.

Mwaka 1991, miezi mitatu kabla ya harusi yangu, wanawake wa upande wa babako walikuja kunitazama. Kahawa ikanywewa, halua ikaliwa, wakanisifu nywele, wakanisifu mikono. Walipofika dakani, pale mlangoni, wakijifunga mabuibui, mmoja akamwambia mwenzake, wala hakunong'ona sana: "Mtoto ana adabu. Rangi tu." Sura ya mwanamke yule imeanza kunitoka kichwani. Ile "tu" yake naisikia mpaka leo nikikuna nazi.

Binamu yangu wa Mombasa akaniletea sabuni na kikopo cha krimu kisicho na jina. Usiku najipaka, asubuhi najiosha, Bibi asijue. Na nisikufiche, wiki za kwanza niling'ara. Nilijipenda! Nilikuwa nikipita mbele ya kioo cha kabati bila sababu, naenda narudi. Kisha ngozi ikaanza kuwasha, na jua la saa saba likawa linanichoma kama nimepakwa pilipili.

Ilipofika siku ya kusingwa, kusuguliwa mwili kwa manukato kabla ya harusi, Bibi akaingia na jiwe lake la liwa na chupa ya marashi. Akanishika kidevu, akanigeuza dirishani kwenye mwanga. Nikangoja anigombeze. Akasema tu, "Mjukuu wangu, uso si ukuta." Nawe umekulia katika nyumba ya mawe, umeona chokaa inavyopakwa juu ya chokaa kila ukuta ukichakaa. Basi wajua alikusudia nini.

Akanisinga mikono, mgongo, miguu mpaka nyayo. Uso akauruka, kwa sababu ulikuwa mbichi. Hapo ndipo paniumapo hata sasa. Kila bibi harusi wa ukoo wetu amesingwa na Bibi kuanzia kipaji cha uso. Mimi nilisingwa nusu.

Mpambaji akaja akafunika yote kwa poda, tabaka juu ya tabaka, nikatolewa nje mweupe kama ukuta wa msikiti. Vigelegele! "Mashaallah, kang'ara!" Na unadhani nani aliyekuwa wa kwanza kuja kunituza? Yule yule wa "rangi tu." Akanibandika noti ya shilingi mia kifuani, na mimi, mjinga, nikafurahi.

Hata mwaka haujesha, doa likatoka. Baadaye sana daktari wa ngozi akanieleza kwamba nyingi za krimu na sabuni za namna ile zilikuwa na zebaki. Zebaki huizuia ngozi isitengeneze rangi yake, halafu hupenya ikaingia mwilini mpaka kwenye figo. Siku hizi serikali imezipiga marufuku, lakini marufuku hayakizuii kikopo kisicho na jina kutoka mkoba mmoja kuingia mwingine.

Babako hajaniuliza hata siku moja. Nami sijamwambia. Wewe ndiye wa kwanza.

Sasa hao mastaa wako. Yule mwimbaji Alicia Keys aliandika mwaka 2016 kwamba amechoka kujificha, akaenda kwenye tuzo za MTV uso mtupu, watu wakazungumza wee. Mwaka 2020 akaanza kuuza vya kupaka ngozi. Nilicheka peke yangu jikoni. Uso mtupu wa tajiri hulala usingizi wa kutosha na una daktari wake. Si sawa na uso mtupu wa msichana wa kaunta, ambaye bosi akimwona hivyo humuuliza kama anaumwa.

Lakini hapo nawaonea. Riziki ni riziki, na huyo Pamela alikuwa na miaka 56, mtu aliyepigwa picha na rangi usoni tangu ujana wake. Kutoka hivyo mbele ya kamera kunataka moyo. Nimesoma kwamba mpambaji wake wa miaka mingi alifariki mwaka 2019 kwa saratani ya matiti, na baada ya hapo hakuiona tena haja ya kupambwa. Hilo nilimwelewa bila mkalimani. Tangu Bibi atutoke, mimi sijamkubalia mtu anisinge.

Na Lupita Nyong'o wetu, mwaka 2014, alisimama mbele za watu akasema utotoni alikuwa akimwomba Mungu aamke na ngozi nyeupe zaidi. Nilizima jiko, nikakaa.

Usidhani basi nakukataza pambo. Mwana Kupona wa Pate, mwaka 1858, yu mgonjwa, alimtungia bintiye utendi akamwambia ajipambe akae kama bibi harusi, vikuku miguuni na makoa mikononi. Wanja, hina, kikuba cha asumini na mkadi, hayo ni yetu. Hina haijifanyi ngozi. Kila mtu huiona kuwa ni hina. Ingawa, nikifikiri vizuri, hata hiyo rangi nyekundu ya mdomo kila mtu huiona kuwa ni rangi. Na Mwana Kupona mwenyewe alimtaka bintiye ajipambe kwa ajili ya mume. Basi hoja yangu ina tobo, nami naiacha na tobo lake. Ninachojua ni kwamba uso si ukuta.

Kwa hiyo sikwambii upake wala sikwambii usipake. Uso ni wako, siku ni yako. Shangazi zako watasema. Wasiposema hili watasema lile, na wengine wao wana vikopo mikobani, mimi nawajua.

Nilitaka kunyamaza hapo. Ila wanja utie. Bila wanja macho yako, ya ukoo wa babako, huonekana kama umeamshwa sasa hivi.

Nijulishe unapanda basi lini nikaagize asumini, maana huchumwa jioni kabla halijachanua, na mchumaji wetu hapendi kuharakishwa. Jiwe la Bibi nimelitoa sandukuni, nimeliosha. Nitakusinga mwenyewe, na tutaanza na uso.

Mamako