Jibu: Nakula vizuri lakini nakonda, moyo unaenda mbio

Pole sana dada. Unakula unashiba na bado nguo zinakupwaya, moyo unadunda hata ukiwa umelala, halafu majirani wananong'ona UKIMWI. Najua inavyouma, mama yangu mdogo alipitia hayohayo. Kikombe cha chai kilikuwa kinagongagonga kisahani mkononi mwake. Kumbe tezi ya thairoidi, ile iliyo mbele ya koo, ilikuwa inamwaga homoni kupita kiasi na mwili mzima unakimbizwa.

Nyoosha mikono, weka karatasi juu ya vidole. Ikitetemeka, usipuuze, lakini jibu hasa liko kwenye damu. Nenda hospitali uulizie kipimo cha TSH na T4, yaani homoni zinazoonyesha tezi hiyo inavyofanya kazi. Pima na VVU pia, uondoe wasiwasi. Tafadhali usijinunulie dawa zenye madini joto, zinaweza kuzidisha tatizo.

Kama una mimba, mwambie daktari kabla ya dawa yoyote. Ukianzishiwa vidonge vya kupunguza homoni, kisha ukapata homa na koo kuuma, rudi siku hiyohiyo. Kifua kikibana au pumzi zikikata, usisubiri kuche.