Ulikuwa unafanya nini, siyo ulikuwa wapi

Wadogo zangu wa utumishi, juzi nimemsikia mmoja wenu akimwambia mfanyakazi aliyeumia, kwenye simu: "Pole, lakini umeangukia kwako, siyo ofisini." Nikashika kichwa. Maneno hayo hayo niliyasema mimi mwaka 2020.

1. Sheria ya fidia kwa wafanyakazi haiulizi nyumba ni ya nani. Inauliza kama ajali imetokana na kazi, mtu akiwa kazini. Anayeandaa mishahara mezani kwake Kimara, kwa ruhusa ya bosi, yuko kazini. Akiiacha akapanda mwembe, hayo ni yake na mwembe wake.

2. Mwajiri akishapata habari ana siku 7 za kuitaarifu WCF, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Na hapa nina kisa.

Mhasibu wetu alikuwa anafunga hesabu za mwezi nyumbani, umeme ukakatika. Akainuka gizani kutafuta taa, mguu ukanasa kwenye waya wa chaja ya laptopu, akaangukia mkono wa kulia. Ukavunjika. Alinipigia usiku ule ule, analia. Nikampa pole nyingi, nikamwambia atumie kadi yake ya bima ya afya, nikalala. Sikuandika hata mstari mmoja! Hospitali wakamuuliza kaumia wapi, akajibu nyumbani, wakaandika "ajali ya nyumbani". Mwezi wa tatu tangu aanguke ndipo mkuu wangu akauliza taarifa ya ajali iko wapi. Nikaanza kuokota ushahidi: barua pepe alizotuma saa mbili usiku, sawa. Barua ya kumruhusu kufanyia kazi nyumbani? Bosi aliruhusu kwa mdomo. Shahidi? Mwanawe wa miaka sita. Nilikwenda kumwomba radhi na kreti ya soda. Akanifungulia mlango kwa mkono wa kushoto, na soda akafungua mtoto.

3. Kufanyia kazi nyumbani kuwe kwa barua: siku, saa, mahali.

4. WCF hulipa asilimia 70 ya mshahara, hadi miezi 24, kwa ulemavu wa muda, mbali na matibabu. Hicho ndicho mnachomnyima mtu kwa "pole" yenu. Na mchango wa WCF ni wa mwajiri. Nikikuta mmemkata mfanyakazi hata shilingi, tutaonana.

5. Yule wa juzi, mpigieni sasa hivi. Muulizeni alikuwa anafanya nini, saa ngapi, nani alimtuma, mwandike anavyosema. Leo ni siku ya tatu.