Usisaini huo mkataba wa katuni kwanza

Mkuu, weka kalamu chini. Ile ya kusainia. Ya kuchorea endelea nayo.

Umeuliza mambo matatu: utumie wino gani, unanasaje sura ya mwanasiasa bila kumgeuza kinyago, na kama mkataba uliopewa na gazeti una shida. Hilo la tatu umelitupia mwishoni kana kwamba ni dogo. Ndilo lililonila miaka 11.

Nilisaini kama unavyotaka kusaini, kichwa kimevimba kwa kuona jina langu ukurasa wa maoni. Kifungu kilisema kazi zote, za sasa na zijazo, pamoja na wahusika na michoro halisi, ni mali ya mwajiri milele. Nikamuuliza mchoraji mkongwe wa pale. Akacheka: "Hayo maneno ya wanasheria, hakuna anayeyasoma." Kweli, hakuna aliyeyasoma, isipokuwa mwanasheria wao. Chai niliyomnunulia mzee yule siku hiyo naidai hadi leo.

Nilikuwa na mhusika wangu, bwana mnene mwenye mwavuli uliotoboka. Kila ahadi ya serikali ikitangazwa, anaufungua, mvua inamlowesha. Wasomaji walimpenda kuliko walivyonipenda mimi. Nilipoacha kazi nikakatazwa kumchora. Uchaguzi uliofuata nikamkuta kwenye bango la kampeni la mheshimiwa yuleyule niliyekuwa namchapa kila wiki. Mwavuli umezibwa matundu na kupakwa rangi za chama! Gazeti limemuuza kihalali kabisa. Nikaenda kuomba walau michoro yangu ya wino. Nikaoneshwa boksi stoo. Mchoro wa juu una duara la kikombe cha chai usoni kwa waziri. Nakiri, duara lilimkaa vizuri kuliko pua niliyomchorea.

Msinicheke peke yangu. Siegel na Shuster, waliombuni Superman, yule shujaa wa katuni anayepaa, waliuza haki zake mwaka 1938 kwa dola 130, wakahangaika hadi 1975 ndipo wakapewa malipo ya kila mwaka na majina yao yakarudishwa. Mtazame sasa Herblock, mchora katuni za siasa wa Marekani, aliyechorea gazeti la Washington Post tangu 1946: alipofariki 2001, taasisi yake ikakabidhi Maktaba ya Bunge la Marekani michoro halisi zaidi ya 14,000. Haikuwa ikiozea stoo ya mtu.

Kuna atakayekuja kukwambia Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, kifungu cha 6bis, unakulinda: hata ukiuza hakimiliki, unabaki na haki ya kutajwa na ya kupinga kazi yako kuharibiwa. Hata mimi nilikimbilia huko. Mwanasheria akaniwekea kidole kwenye mstari niliosaini kwamba hiyo nayo nimeiachia.

Kwa hiyo kodisha, usiuze. Wape ruhusa ya kuchapisha mara 1, gazetini na kwenye tovuti yao. Wakitaka fulana, kalenda au bango, waje tena na hela. Mhariri mtumie skani, karatasi ilale kwako. Mhusika ni wako, iandikwe hivyo. Kazi iliyofuata nilikikata kifungu kwa kalamu mbele ya mhariri. Akaguna, akasaini.

Wino? Wowote usiochujuka. Sura nitarudi kuzieleza, nikikumbuka.

Ila hapa umeweka ukurasa wa 1 na wa 3 wa mkataba. Wa 2 uko wapi?