Kabla hujapiga muhuri wa "imekataliwa"

Vijana waliomaliza kusoma usanifu majengo wakinikuta Forodhani huniuliza swali lile lile, mzee tufanyeje tupate kazi ya kuhifadhi nyumba za Mji Mkongwe, na mie huwajibu jifunzeni kwanza kukaa dirishani na kupokea fomu za vibali. Wanacheka. Wao kichwani wana kompyuta na milango ya kuchonga.

Sikilizeni basi kilonikuta. Mwaka wangu wa kwanza serikalini bi mkubwa mmoja alileta ombi, dari ya chumba cha nyuma imeoza anataka aitoe amwage zege, na mie na sheria ya 1994 ya kuhifadhi Mji Mkongwe mezani najiona mlinzi wa mji mzima, nikaandika imekataliwa nikapiga muhuri, wala sikutoka kwenda kuiona hiyo nyumba. Ijumaa usiku mafundi wakaingia. Jumatatu zege liko juu na ukuta wa nje ushapigwa lipu ya simenti mpaka chini. Baada ya masika mbili ukuta ukawa unatoka jasho, chumvi imechanua, lipu inabanduka vipande vipande. Nilipokwenda akaniambia, "Mwanangu, ulinambia hapana, hukunambia nifanye nini." Sikuwa na jibu yakhe.

Kwa asojua, nyumba hizi ni mawe ya matumbawe, udongo mwekundu na chokaa, ukuta unene wake nusu mita na zaidi, unakunywa maji ya mvua halafu unayatoa taratibu kupitia chokaa. Ukiupaka simenti umeuziba pua. Na dari ni boriti za mikoko, ndo maana vyumba vyetu virefu lakini vyembamba, upana unafuata urefu wa boriti. Boriti huanza kuoza kichwani pale inapoingia ukutani, na mara nyingi ukipanda juu utakuta mlizamu, yaani mfereji wa kutolea maji ya paa, umeziba, maji yanashukia humo humo. Sasa yule bi mkubwa shida yake ilikuwa mlizamu, na zege lote lile zito limekaa juu ya ukuta uliokwisha lowa na mlizamu bado umeziba!

Kwa hivo panda juu ya paa kabla hujashika kalamu. Na ukikataa zege sema hapo hapo boriti zinapatikana wapi na fundi gani wa kuziweka, maana mtu anayevujiwa hawezi kusubiri kikao. Chokaa mie sikuisoma chuoni, tulisoma nondo na zege basi, nimefundishwa na fundi mzee asiyejua kusoma ramani, yeye ndo kanionesha inavolowekwa shimoni wiki na wiki mpaka iwe laini kama samli. Bajeti ikiwa ndogo mlipe huyo kwanza.

Halafu uliza nyumba ya nani. Usicheke, ni swali gumu kuliko ramani. Kuna za wakfu, kuna zilochukuliwa na serikali baada ya 1964, kuna za warithi kumi na mmoja na nusu yao wako Muscat, na anayekaa ndani analipa kodi kidogo hata hamjui wa kumwambia paa linavuja. Barua yako ya onyo utamwandikia nani?

Tumo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2000, na wageni wakija wanataka kuona majumba makubwa. Beit al-Ajaib, jengo la 1883, sehemu yake ilianguka tarehe 25 Disemba 2020 na watu wawili wakafa, dunia nzima ikajua. Chumba cha nyuma cha bi mkubwa kikianguka hata redioni hakitajwi.

Ule mlizamu wake nilikuja kuuzibua mwenyewe kwa mkono. Nikatoa majani ya mwembe, mpira wa mtoto na ndara moja ya kushoto.