Lango Kwanza, Ukuta Baadaye: Kwa Mnaoanza Kupanga Njia za Kuingilia Miradi ya Bagamoyo

Mkikabidhiwa mchoro wa nyumba au maduka mapya kando ya barabara ya Bagamoyo, tuseme kati ya Kerege na Zinga, msianze na majengo. Anzeni na lango. Chumba kikikaa vibaya kinamkera mwenye nyumba. Lango likikaa vibaya linaumiza wapita njia, na zege likishamwagwa hakuna anayekubali kulihamisha.

Ulizeni barabara ni ya nani. Barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS (Wakala wa Barabara Tanzania), za wilaya na mitaa ziko chini ya TARURA (Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini). Ruhusa ya kuunganisha njia yenu ombeni huko, mbali na kibali cha ujenzi cha halmashauri. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi, yaani eneo linalotengwa kwa ajili ya barabara, kwa barabara kuu na za mkoa kufikia mita 60, yaani 30 kila upande. Hizo hupimwa kutoka katikati ya barabara, si ukingoni mwa lami. Anayepima kutoka pasipo pake ndiye anayekuja kukuta ukuta wake umepigwa X nyekundu, alama ya kubomolewa.

Sasa kazi yenyewe. Nendeni watu wawili na futikamba na chokaa. Mmoja asimame njia mpya itakapokutana na lami, mita 2.4 nyuma ya ukingo, ainame mpaka macho yake yawe mita 1.05 kutoka chini, kimo cha dereva wa gari dogo. Mwenzake atembee pembezoni mwa lami kuelekea kulia, maana sisi tunaendesha kushoto na gari la karibu litatokea huko. Anapofichwa na michongoma, kibanda cha matunda au bango, hapohapo atie chokaa. Kisha rudieni upande wa kushoto.

Gari la kilomita 50 kwa saa huhitaji kama mita 65 kusimama. Takriban 35 huisha kabla breki haijashika, dereva akiwa ndio kwanza anaona na kuamua. Kwa kilomita 80 ni karibu mita 130. Tumieni mwendo ambao magari yanakwenda kweli, si ulioandikwa kwenye kibao. Chokaa ikiwa mita 40, ondoeni kizuizi au sogezeni lango. Kibao cha kupunguza mwendo hakimwonyeshi mtu bodaboda iliyo nyuma ya michongoma.

Anayekunja kulia kuingia kwenu ndiye wa kuhofiwa zaidi. Atasimama katikati ya barabara akingoja nafasi, na bodaboda iliyo nyuma itampita kulia kwake, wakati uleule anaoanza kukata. Mpeni mstari wake wa kungojea, upana usiopungua mita 3. Pasipokuwa na nafasi, zuieni kukunja kulia na mwonyesheni pa kugeuzia mbele. Lango lenu lisitazamane uso kwa uso na njia ya ng'ambo, watu wasije wakavuka barabara moja kwa moja kama hawaioni.

Hesabuni magari saa 12:30 hadi 2:30 asubuhi, kila dakika 15, siku ya kazi shule zikiwa wazi. Ijumaa mchana ihesabiwe peke yake. Waenda kwa miguu, baiskeli na bodaboda kila kundi lipewe safu yake. Wakazi wenu wengi watakuja kwa daladala, kwa hiyo choreni kituo kikiwa baada ya gari kuipita njia panda na kivuko kikiwa nyuma ya kituo, abiria avuke nyuma ya gari, asichomoze mbele yake. Kutoka kituoni hadi langoni iwepo njia ya miguu ya mita 2, bila ngazi. Penye mwinuko, mteremko usizidi 1 kwa 12, yaani kupanda mita 1 kwa kila mita 12 za mwendo, kiti cha magurudumu kipite.

Kwenye barabara za mitaa, lango lirudi ndani mita 6 kwa magari madogo, 12 kama malori yatakuja, na lifunguke kwa ndani. Upana usipungue mita 4 kwa ajili ya gari la zimamoto, na njia isiyotokea kokote iwe na pa kugeuzia. Pembe za ukuta zikatwe mshazari.

Kalavati, yaani bomba la kupitisha maji ya mtaro chini ya njia yenu, ndilo hubaniwa fedha. Bomba la milimita 300 kwenye mchanga wetu huziba, mtaro hufurika masika, maji huparamia lami na kumega ukingo wake. Wekeni 600, lifuate mteremko wa mtaro wenyewe, na kuta za zege ncha zote mbili.

Kalavati hilo na njia ya kuingilia vijengwe kabla ya lori la kwanza la kokoto kufika. Vinginevyo malori yatapita juu ya mtaro mtupu, yataufukia, na matairi yataburuta tope hadi kwenye lami ambako pikipiki zinapita.