Mwindaji Hatafuti Njia ya Kuingia, Anatafuta ya Kutoka

Mtego wa kwanza shambani kwangu niliugundua kwa sababu mbwa wangu hakurudi. Nilimkuta asubuhi ya pili kando ya kijito, shingo imenaswa kwenye kitanzi cha waya. Alipona kwa kuwa ni mbwa mtulivu: alilala chini akangoja, hakuvuta. Nilipokwisha kuukata ule waya ndipo nilipoutazama vizuri, nikautambua. Ulikuwa wa ua wangu mwenyewe. Mtu alikuwa amekata kipande kwenye nguzo za nyuma, akakitega palepale ndani ya ua aliokikatia.

Miaka miwili iliyofuata niliipoteza kwa mambo ambayo sasa nayaona ya kitoto. Nilianza na lango. Nilinunua kufuli zito na mnyororo, nikaongeza mstari wa seng'enge juu ya lango, nikalala usingizi mnono. Milio ya bunduki za wawindaji walioingia bila ruhusa iliendelea vilevile. Hakuna hata mmoja aliyekuwa akipita langoni. Lango hutumiwa na wageni na mwenye shamba. Kumzungushia ua mtu anayetembea kwa miguu ni kazi isiyo na mwisho, na gharama yake itakumaliza kabla hujafika nusu ya mpaka.

Kilichonifungua macho ni mizoga. Siku moja nilikuta mahali walipochinjia nguruwe mwitu, nikafuata majani yaliyolala na matone ya damu mpaka kwenye kona ya nyuma, pale njia ya zamani ya kuvutia magogo inapogusa shamba langu. Chini ya mti mmoja palikuwa na alama za matairi, vishungi vya sigara na doa la oili. Hapo nikaelewa. Nguruwe mwitu aliyekomaa anaweza kuzidi kilo 80. Wanaume wawili hawambebi mbali, hasa usiku, vichakani, na bunduki begani. Kuingia, mwindaji anaweza kuingia popote, lakini lazima atoke na mzigo, na mzigo unataka gari au pikipiki karibu. Kwa hiyo ukitaka kujua wanawindia wapi, usianze kutafuta nyayo porini. Tafuta wanapoegesha.

Nilitafuta, nikapata sehemu tatu tu. Tatu, katika mpaka ambao nilikuwa nimekadiria kuuzungushia ua wote! Mbili nilizifunga kwa mawe makubwa yaliyosogezwa na trekta, mengine nikayafukia nusu ili yasisukumwe kirahisi. Ya tatu niliweka gogo lenye mnyororo na kufuli, kwa kuwa gari la zimamoto linaweza kuihitaji siku moja, na majirani wawili nikawapa funguo. Angalizo: hakikisha kwanza kwamba unachokifunga si njia ya umma, wala njia ambayo jirani ana haki ya kupita. Ukiifunga hiyo, mkosaji unakuwa wewe. Mwezi uliofuata kamera ilinionyesha gari likifika usiku, likasimama mbele ya mawe kwa dakika kadhaa, likageuza. Sijawahi kufurahia picha ya gari namna ile.

Watu wengi wakishakasirika hupata wazo la kutega na wao: shimo, misumari, waya uliokazwa kwenye kijia kwa kimo cha shingo ya mwendesha pikipiki. Usifanye. Tuache ubinadamu kando kwanza, kwani hata kisheria utapoteza. Uingereza ilikataza bunduki za kujifyatua mashambani na misituni tangu 1827. Marekani, katika jimbo la Iowa, mtu mmoja alitega bunduki ndani ya nyumba tupu ya shambani iliyokuwa ikivunjwa mara kwa mara. Mwizi akaingia, akajeruhiwa vibaya mguu, na mwaka 1971 mahakama kuu ya jimbo ikakubali kwamba huyo mwizi alipwe dola 30,000. Naye alikuwa amekwenda kuiba mitungi na chupa kuukuu. Isitoshe, atakayekanyaga mtego wako huenda akawa mtoto wa jirani anayetafuta mbuzi.

La kukabiliana nao uso kwa uso nitalisema kwa kirefu, maana nililikosea vibaya. Mara ya kwanza nilitoka jioni nikipiga kelele kuelekea kwenye mwanga wa tochi. Tochi ikazimwa. Nikabaki gizani, mbele yangu kuna watu wenye silaha nisiowaona, na wao hawajui mimi ni nani wala ni kitu gani kinachotikisa majani. Risasi ya bunduki ndogo kama ile ya .22 inaweza kusafiri zaidi ya kilomita moja na nusu. Mimi nilikuwa mita hamsini. Tangu hapo sheria yangu ni hii: usiku sitoki. Nawasha taa zote za nje, nampigia simu jirani, napiga polisi au maofisa wa wanyamapori, na naandika saa. Nikilazimika kwenda karibu mchana, navaa nguo ya rangi ya machungwa inayoonekana, naongea kwa sauti kabla sijafika, na sisimami kati ya mtu na gari lake.

Mara ya pili ilikuwa mchana, na ilinifundisha kitu kingine. Kijana mmoja alitoka kichakani na bunduki begani, akaniona, akasema, "Shikamoo mama." Nikaitikia, "Marahaba," na hasira yote niliyokuwa nimeipanga ikakosa pa kuanzia.

"Kwani hili si shamba la marehemu mzee?" akaniuliza. "Yeye alituruhusu. Baba yangu alikuwa akiwinda hapa."

Hakuwa akidanganya. Mwenye shamba wa kabla yangu alikuwa amewapa watu ruhusa ya mdomo, na ruhusa ya mdomo haifi na aliyeitoa. Inarithiwa kama jina. Nusu ya "majangili" wangu walikuwa watu walioamini kwamba wana haki. Kwa hiyo ukinunua au kurithi shamba, uliza mapema: nani alikuwa akiwinda hapa, na kwa ruhusa ya nani? Kisha waendee mmoja mmoja, majumbani kwao, kabla ya msimu. Sema waziwazi kwamba ruhusa ile imekwisha. Mtu ukimwambia sebuleni kwake atakusikiliza. Ukimwambia porini mbele ya wenzake atakujibu.

Kuhusu mabango, niseme kwanza aibu yangu: mabango yangu sita ya mwanzo niliyapigilia kwenye miti ya jirani. Nilikuwa nimefuata ua, na ua ulikuwa umesogea mita kumi na tano kutoka kwenye mawe ya mpaka enzi za wazee. Mwindaji mmoja aliyekamatwa alitoa ramani, akasema hakuwa kwangu, na ramani ilikuwa upande wake. Mlipe mpima ardhi kabla hujanunua rangi. Baada ya hapo, bango lifunge juu kuliko mkono unavyofika, uache nafasi nyuma yake ili mti unenepe bila kulipasua. Maneno yawe machache na bila matusi: marufuku kuwinda bila ruhusa ya maandishi, jina, namba ya simu. Namba ya simu inasaidia kuliko vitisho vyote. Watu watatu wamewahi kunipigia kuomba, na hao watatu kabla ya namba wangeingia tu.

Mabango hung'olewa. Ndiyo maana baadhi ya majimbo ya Marekani yanakubali alama ya rangi ya zambarau kwenye mti au nguzo kuwa katazo kamili, sawa na bango. Texas, kwa mfano, inataka mstari wa wima usiopungua sentimita 20 kwa urefu. Rangi haing'oleki. Lakini alama hii ina nguvu pale tu ambapo sheria inaitambua. Kwingine ni mapambo.

Na sheria yenyewe ndiyo inayowachanganya wenye mashamba. Tunadhani ardhi ikiwa yetu, basi na mnyama ni wetu. Mara nyingi sivyo. Wazo la zamani sana, lililoandikwa katika sheria za Kirumi za mfalme Justinian mwaka 533, ni kwamba mnyama wa mwituni hana mwenyewe mpaka anapokamatwa. Ila mwenye ardhi anaweza kumkataza mwindaji asiingie. Ugomvi wa leo bado unazunguka sehemu hizo mbili. Katiba ya Vermont, jimbo la Marekani, tangu 1777 inawapa watu uhuru wa kuwinda kwenye ardhi isiyozungushiwa ua, kwa hiyo huko ukinyamaza umeruhusu. Ufaransa sheria iliwalazimisha wenye mashamba madogo kuviachia vyama vya wawindaji ardhi yao hata kama wenyewe wanachukia kuwinda, mpaka Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliposema mwaka 1999 kwamba haki zao zilivunjwa. Kenya, kwa upande mwingine, ilipiga marufuku uwindaji wa burudani mwaka 1977. Swali la kumpelekea ofisa wa wanyamapori wa kwenu basi ni fupi: kwa sheria yetu, ukimya wangu ni katazo au ni ruhusa? Jibu lake ndilo litakalokuambia kama mabango ni lazima. Uliza pia juu ya mnyama aliyejeruhiwa kwa jirani akafia kwako, maana hapo ndipo watu wema hugombana. Mimi na jirani tumekubaliana: anapiga simu kwanza, anaacha bunduki kwake, tunamfuata pamoja.

Kamera sitazisifia sana. Moja iliibwa wiki ya kwanza kwa sababu niliifunga kwenye mti kwa kimo cha kifua, mahali ambapo macho ya mtu hutua. Sasa ziko kama mita tatu juu, zimeinamishwa chini, hazielekei jua linapochomoza wala linapozama, na moja inaichunga nyingine. Ukinunua, chagua zenye mwanga wa infraredi, ule wa kupigia picha gizani, wa nanomita 940. Zile za 850 hufika mbali zaidi lakini huonyesha nukta nyekundu gizani, na mwindaji ni mtu anayezoea kutazama giza. Zielekeze pa kuegesha, zinase namba ya gari. Picha ya mgongo wa mtu kichakani haimsaidii polisi yeyote.

Kilichopunguza uvamizi zaidi baada ya yale mawe kitawaudhi wasomaji wengine: nilimpa ruhusa yule kijana wa "Shikamoo mama". Kwetu uwindaji unaruhusiwa kwa leseni na nguruwe walikuwa wakinimalizia mazao, kwa hiyo nilikuwa na haja naye. Karatasi moja, sahihi zetu mbili: jina lake tu, msimu mmoja, pa kuegesha, upande usioruhusiwa kufyatua kwa sababu kuna nyumba, hakuna mitego ya waya, na ananitumia ujumbe akiingia na akitoka. Akivunja kimoja, imekwisha. Sikutegemea kwamba angelinda pale kuliko mimi, lakini ndivyo ilivyokuwa, kwani hakuna anayemchukia mwindaji mvamizi kama mwindaji mwenye ruhusa. Yeye anawajua kwa magari yao. Kama sheria ya kwenu hairuhusu kuwinda kabisa, au moyo wako hautaki, jirani anayepita shambani kila siku na mifugo anafanya kazi hiyohiyo. Shamba linalodhaniwa halina mtu ndilo linalowindwa.

Mitego ya waya ndiyo iliyobaki kunisumbua, maana mtegaji habebi bunduki wala haji na gari. Anakuja kimya, anaondoka kimya. Dawa yake ni miguu. Kila baada ya wiki mbili napita kando ya ua, kwenye kijito na kwenye matundu ambayo wanyama hupenya, nikitazama chini, kimo cha goti. Kitanzi kimoja kikionekana, vingine viko karibu, mara nyingi kwenye mstari mmoja, vimezibwa pembeni kwa matawi ili mnyama asipate pengine pa kupita. Napiga picha kabla sijagusa, naweka alama ya mahali kwenye simu, ndipo nang'oa. Mnyama akiwa hai ndani yake simkaribii, hata akionekana mdogo, napiga simu. Na mzoga ukiwa na ndege waliokufa kando yake, mikono yangu haiugusi, maana hiyo ni dalili ya sumu.

Waya ninazozing'oa naziweka kwenye ndoo stoo. Mwaka wa kwanza ndoo ilijaa. Mwaka huu zimeingia mbili, zote zimeshika kutu, na moja bado ina fundo la ua wangu wa zamani.