Kompyuta ya kuzamia ziwani: ifunge mkononi, usiining'inize

Kijana ninayezamia naye kwenye vizimba vya sato upande wa Luchelele, hapa Mwanza kwenye Ziwa Victoria, alidunduliza hela mwaka mzima ili anunue kompyuta yake ya kwanza ya kuzamia, kile kifaa kinachoonyesha uko kina gani na muda salama uliobaki wa kukaa chini. Mwezi uliopita akanionyesha picha mbili kwenye simu. Moja ni ya mkononi, kama saa kubwa. Nyingine imepachikwa kwenye kibao cha geji ya kupima hewa kinachoning'inia kwenye mpira unaotoka mtungini. "Kaka, bei zinakaribiana. Nichukue ipi?"

Nilimjibu palepale: ya mkononi. Lakini sababu zake ni ndefu, na najua wapo wengine huku ziwani wanaojiuliza hivyohivyo.

Mimi nilijifunzia Unguja. Kule maji yakitulia unamwona mwenzako akiwa mita 20 mbele yako, na kompyuta ukiiweka popote utaisoma. Hapa Mwanza ni habari nyingine. Shuka mita nne au tano pembeni ya kizimba baada ya mvua, nyoosha mkono, na vidole vyako huvioni. Kazi yetu ni kukagua nyavu, kuziba matundu, kutoa samaki waliokufa na kukaza kamba za nanga. Muda wote mkono mmoja umeshika wavu, maana ukiuachia unaweza kupoteza mwelekeo. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, jiulize hivi: nikiwa nimeshika wavu kwenye giza lile, nitaisomaje kompyuta bila kuachia?

Miaka yangu mitatu ya mwanzo nilitumia ya kuning'inia, na sitaisema vibaya bure. Kina, muda na hewa iliyobaki vyote viko sehemu moja. Huwezi kuisahau nyumbani kwa kuwa imeungwa na regyuleta, kifaa unachovutia hewa ya mtungi. Mkononi huna kitu kinachokubana. Tatizo ni ule mpira mrefu. Ukilala kifudifudi karibu na matope, kibao kinaburuzika na kulitimua tope, na kile kidogo ulichokuwa unakiona kinapotea.

Halafu kinanasa. Siku moja nilikuwa mita 11 nikishona wavu uliochanika. Nilipogeuka nikahisi navutwa ubavu wa kushoto. Kibao kilikuwa kimepenya kwenye tundu, kikajigeuza upande wa pili, kikakaa kama kifungo kilichopita kwenye tundu la shati. Kila nikivuta, kinakaza. Geji ya hewa na kompyuta, vyote vilikuwa ng'ambo ya wavu. Niliufuata mpira kwa vidole, taratibu, hadi nikakigusa kibao, nikakisimamisha kwa ncha yake, kikatoka. Haikufika dakika mbili. Lakini kwa muda ule wote sikujua nina hewa kiasi gani wala niko kina gani, na tangu siku hiyo sijaning'iniza kompyuta tena.

Kama unayo tayari ya namna hiyo na huna hela ya nyingine, fupisha njia ya mpira: upitishe chini ya mkono wa kushoto na ukibane kibao kifuani kwa klipu ya chuma kisichoshika kutu. Ile klipu yenye kamba inayojivuta yenyewe sikushauri. Mchanga ukiingia ndani, springi inachoka.

Sasa ya mkononi nayo ina mtego wake, nao ni mkanda. Mkanda wa saa unaubana vizuri ukiwa mtumbwini, lakini suti ya mpira imejaa vipovu vya gesi. Ukishuka, shinikizo linavibana, suti inakonda, mkanda unalegea, na kompyuta inazunguka hadi chini ya mkono. Pini nazo ni nyembamba. Mwenzetu mmoja aliruka kutoka kwenye boti, pini ikachomoka majini. Tulipapasa tope karibu saa nzima, hatukuipata.

Toa mkanda, weka kamba ya mpira, ile yenye nyuzi za mpira ndani na kitambaa nje. Milimita 4 inatosha. Chagua kompyuta yenye matundu kwenye pembe, au inayokubali kipande cha kuifungia kamba. Tengeneza vitanzi viwili, kila kimoja na fundo lake. Usipitishe kamba moja kwa kuizungusha pande zote, maana ikikatika sehemu moja umepoteza vyote. Vikiwa viwili, kimoja kikikatika cha pili kinashika. Pima ukiwa umevaa suti: mkono upite kwa kusukuma kidogo. Choma ncha kwa kiberiti cha gesi zisifumuke. Suti ikikonda, kamba inajivuta yenyewe. Kipande cha tyubu ya baiskeli kisikuvutie kwa sababu ni cha bure. Changu kilipasuka baada ya kukaa juani.

Mkono upi? Mimi navaa kulia, upande wa mgongo wa mkono. Kushoto nashika wavu, na wakati wa kupanda mkono huohuo unashughulika na mpira wa kutolea hewa kwenye jaketi la kuelea. Kulia ndiko kwenye sindano, na mgongo wa mkono unaoshona unakutazama usoni. Dira naivaa kushoto. Ukipata kompyuta inayopokea taarifa za hewa bila mpira, soma maelekezo yake uone kitumaji, yaani kile kifaa kinachorusha taarifa hizo, kinataka mkono wa upande gani, na geji ya kawaida usiitoe. Betri ya kitumaji ikiisha ukiwa chini, utaihitaji.

Jambo jingine linalotuhusu sisi wa huku: ziwa letu liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi kuliko Unguja, hivyo muda salama wa kukaa chini unapungua. Kompyuta nyingi hupima zenyewe shinikizo la hewa ya nje zinapowashwa, nyingine unaziwekea mwinuko mwenyewe. Iwashe ungali mtumbwini, usiiache ijiwashe majini, na uangalie alama ya mwinuko. Ikiwa nyuma ya mkono wako, kuiangalia ni kazi ya sekunde moja. Kwenye mipangilio yake weka pia aina ya maji: yasiyo na chumvi. Usipoweka, kina kitasomeka pungufu kwa karibu asilimia 3, ingawa hesabu ya nitrojeni, gesi inayojikusanya mwilini ukiwa chini, haiharibiki kwa kuwa inafuata shinikizo lenyewe.

Kijana alinunua ya mkononi. Jumamosi tulikaa juu ya jiwe ufukweni, tukatoa mkanda, tukafunga vitanzi viwili. Cha kwanza alikifunga kikalegea, akakifungua mwenyewe akaanza upya. Jumatatu tulishuka pamoja. Wakati wa kupanda tulisimama mita 5 kwa zile dakika 3 za kuuacha mwili utoe nitrojeni, kila mtu ameshika kamba ya nanga, na mimi simwoni hata uso. Akasogeza mkono wake wa kulia mpaka karibu na miwani yangu, akabonyeza taa. Nikasoma: mita 4.8, dakika 2 zimebaki.